Mzee wa Keko na Maisha ya Mistari Minne

Haya, mmeshinda. Tangu siku ile mliponikuta nyuma ya nyumba hapa Kimara napalilia mchicha, mkaniambia mna kikundi cha kuandika na kila mmoja wenu anaandika kumbukumbu za maisha yake, hamjaniacha nipumue. Siku ile nilicheka hadi jembe likaniponyoka. Mkubwa wenu ana miaka ishirini na sita. Kumbukumbu zipi, jamani? Za kidato cha nne?

Baadaye nilijuta kucheka, maana mkubwa wenu huyo huyo alinisomea ukurasa mmoja kuhusu bibi yake anavyochambua mchele huku anagombana na mtangazaji wa redio, nikaona hapa kuna kitu. Basi nimekubali kuwaandikia ninachokijua. Sikijui kwa kusoma. Nimekijua kwa kukosea, tena mbele za watu, na mengine nikiyakumbuka mpaka leo natamani kujifunika kanga.

Kwanza mjue kwamba sikuwahi kuwa mwandishi. Nilikuwa mpiga chapa. Nilikuwa na stesheneri Temeke, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na watu walikuwa wananiita Mama Stesheneri hata wale waliokuja msibani kwangu. Niliandika barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupanga vyumba, risala za harusi, na wasifu wa marehemu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonibadilisha.

Asubuhi moja waliingia ndugu wanne, mazishi ni mchana, wanataka historia ya baba yao ichapwe. Nikawauliza alifika Dar lini. Mmoja akasema hivi, mwingine akasema vile. Nikauliza alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kuwa mlinzi. Wawili wakasema mpishi, mmoja akasema hapana, utingo, na wa nne akaanza kulia kwa sababu hajui kabisa. Walibishana mbele ya mashine yangu mpaka nikawafokea. Mzee kaishi miaka themanini, kawalea, kawasomesha, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamuuliza. Nilichapa nusu ukurasa, wakaondoka, mie nikabaki na hasira kama vile nilikuwa mke wake.

Kesho yake nikabandika karatasi mlangoni: TUNAANDIKA MAISHA YA WATU WALIO HAI. Mtaa mzima ulicheka. Muuza magazeti wa jirani akaniuliza kama wafu nimewafukuza. Lakini baada ya wiki mbili akaja mtu wa kwanza, na baada ya hapo hawakukatika mpaka nilipofunga duka nikaja kulima mchicha.

Huyo wa kwanza alikuwa Bi. Tatu, muuza vitumbua wa Tandika, na ndiye aliyenivua nguo mapema. Nilimsikiliza siku mbili, nikaenda kuandika kwa ufundi wangu wote wa ofisini. Nikarudi kumsomea: “Mnamo mwaka huo mhusika alifunga ndoa na kuanzisha shughuli za ujasiriamali katika sekta ya vyakula.” Bi. Tatu akanisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

“Mwanangu,” akasema, “mbona nimekuwa kama mshtakiwa?”

“Kivipi, bibi?”

“Mhusika ndo nani? Na huo ujasiria-nini, mie sijawahi kuufanya. Mie nilikuwa nachoma vitumbua.”

Nikafuta vyote. Mjue mimi ni Mpare, na sisi Wapare tukiandika jambo tunataka lisimame hata mahakamani, kwa hiyo kufuta kuliniuma. Lakini alikuwa na haki yake. Vijana, nawasoma humu kwenye kikundi chenu, nakuta mmoja kaandika “changamoto za kimaisha katika familia yetu.” Changamoto ipi? Sema paa lilivuja na mlilala wanne kwenye kona moja. Hapo nitakaa nisome.

Aliyenifundisha kazi yenyewe, hata hivyo, hakuwa mteja. Alikuwa Mzee Abasi, mjalidi vitabu wa Mikocheni, Mhindi wa Dar ambaye baba yake na babu yake walizaliwa hapa hapa. Mimi nikichapa, yeye anashona kurasa na kuweka jalada gumu la kitambaa. Alikuwa na tabia ya kusoma kila alichokishona, bila kuombwa, na kutoa hukumu bila kuulizwa. Siku moja nimempelekea maisha ya fundi cherehani fulani, akakipima kile kitabu mkononi kama mtu anayenunua papai.

“Mama, hiki kimelala,” akasema.

“Kimelala vipi? Kina kurasa sitini.”

“Ndo ishu yenyewe, sitini na zote zimelala. Ulimuuliza nini huyu bwana?”

“Nilimuuliza maisha yake.”

“Aa, sasa nani anajua maisha yake? Hata mie sijui yangu. Niulize jiko la kwetu lilikuwa wapi.”

Nikamuuliza, kwa kumridhisha tu. Alinishika pale saa nzima. Nilijua bibi yake alificha wapi zabibu, nani alipigwa kwa kuzila, nani alipigwa kwa kusingiziwa, na kwamba mpaka leo yeye na kaka yake hawajakubaliana nani ni nani. Kabla sijaondoka akaniambia maswali yake mengine: nani alikuwa wa kwanza kuamka, nani alilala upande wa ukutani, na kitu gani ndani ya nyumba mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Nimeyatumia miaka yote. Yatumieni na nyie, hasa hilo la kitu kisichoguswa. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja wa Kiwalani akaniambia ni redio ya baba, na kutoka kwenye redio hiyo tulitoka na kurasa arobaini.

Vifaa nimevipitia vyote. Nilianza na mashine ya chapa na karatasi za kaboni, ukikosea herufi moja unapaka tipeksi nakala tatu. Ikaja redio ya kaseti. Nilikwenda kwa karani mmoja mstaafu wa reli, akanisimulia saa mbili bila kupumua, machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Nilipofika nyumbani nikarudisha kaseti kusikiliza, ikaanza kuimba taarabu. Kumbe nilibonyeza kitufe cha kupiga badala ya cha kurekodi, na sauti nilikuwa nimeipunguza mpaka mwisho. Nilirudi kwake kesho yake nimejiinamia. Alinicheka sana, akasimulia tena, na safari hii mambo matatu makubwa yalikuwa tofauti. Tangu hapo kila mtu nilimtaka asimulie mara mbili, na nikisikia tofauti ndipo nauliza taratibu. Simu zenu hizo zinarekodi siku nzima, lakini hazijui kuuliza.

Sasa niwape kisa cha Mzee Mwinshehe, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuliko vyote, na kwa sababu nikikiacha Mzee Abasi huko aliko atanilaumu.

Aliyekuja dukani alikuwa binti yake, Mwajuma, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, anayesimama wima kama vile darasa zima linamtazama. Akaniamkia, akaketi, akasema anataka nimwandike baba yake, seremala mstaafu wa Keko. Nikatoa daftari. Kabla sijaandika neno akasema ukweli wake.

“Mama, mie nimesema baba. Ila ninayemtaka ni mama.”

Mama yake, Mwanaidi, alifariki Mwajuma akiwa na miaka miwili. Picha hakuna hata moja. Shangazi aliyemlea alikuja kutoka Kisarawe baada ya msiba, na mwenyewe alimwona Mwanaidi mara mbili tu. Dada pekee wa Mwanaidi aliolewa Tanga akafia huko. Katika ukoo wote alikuwa amebaki mtu mmoja anayemkumbuka huyo mwanamke, na mtu huyo hajawahi kumtaja. Si kwa ukali. Ukimuuliza tu, anainuka.

“Ameshakuwa mzee,” Mwajuma akasema. “Akiondoka, mama anaondoka mara ya pili. Mwanangu wa kike ananiuliza bibi alikuwaje, namwambia alikuwa mzuri. Mzuri ndo nini? Kila marehemu ni mzuri.”

Nilimwahidi. Nilikuwa na kiburi changu, nimeshaandika watu wengi, nina maswali ya Mzee Abasi mfukoni. Nikaenda Keko.

Mzee Mwinshehe nilimkuta barazani, mtu mrefu mkavu, mikono mipana, kanzu safi. Alinikaribisha vizuri, akaagiza kahawa. Nikamweleza nimekuja kuandika maisha yake. Akafikiri, akakohoa, akasema:

“Nilizaliwa Kisarawe. Nikaja Keko nikajifunza useremala. Nikaoa nikapata mtoto. Namshukuru Mungu.”

Nikasubiri. Naye akasubiri.

“Andika hivyo,” akasema.

Mistari minne. Nikasema haidhuru, jiko lipo. “Mzee, hapa nyumbani, jiko lilikuwa wapi?”

“Nyuma.”

“Na nani alikuwa wa kwanza kuamka?”

“Jogoo.”

Nilikwenda mara tano. Nisimsingizie, kwenye mbao alikuwa anasema. Ukimuuliza mninga unatofautianaje na mkongo, au kwa nini seremala wa zamani hakupenda misumari, anafunguka, anachora kwa kidole kwenye vumbi, anakuonyesha ulimi wa ubao unavyoingia kwenye tundu lake. Nilipata kurasa ishirini za vitanda, makabati na milango, nzuri sana. Nikitaja jina la Mwanaidi, anainuka. “Ngoja nikaangalie maji,” anasema. Maji gani, sikuwahi kujua. Anakaa huko nyuma mpaka kahawa yangu inapoa, na mimi naaga.

Mara ya tano Mwajuma alinisindikiza mpaka barabarani, na nikaona ameanza kukata tamaa. Nikamuuliza kama baba yake hana rafiki wa enzi hizo. Akasema yupo Mzee Chidi, fundi makochi, karakana zao zilipakana miaka nenda rudi, na kila Ijumaa wanaswali pamoja, ila yeye hajawahi kumuuliza habari za mama, aliona ni kumvunjia baba heshima.

Nikamfuata Mzee Chidi. Jamani, nilifurahi! Mtu wa kusimulia ni huyo. Mfupi, mnene, uso mtulivu kama wa kadhi, na maneno yanamtoka kwa mpangilio. Nikamuuliza ndoa ya rafiki yake ilikuwaje, akanipa yote, kwa saa nzima, bila kutabasamu hata kidogo. Nikamuuliza kama ana uhakika.

“Mama, mie nilikuwepo. Kitanda chenyewe nimekibeba mie.”

Nikaandika. Nikaona nimeokoka. Nilitaka kumkimbilia Mwajuma siku hiyo hiyo, lakini nilikuwa na desturi yangu, kwamba kitabu hakiendi kwa Mzee Abasi mpaka kimesomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe na watu wake. Watu hukasirika, hucheka, husahihisha majina, na kitabu kinapona. Tukapanga Jumapili alasiri.

Tuliketi uani kwenye mkeka, Mzee Mwinshehe kwenye kiti chake alichokitengeneza mwenyewe, Mwajuma na binti yake, majirani wawili watatu, na Mzee Chidi aliyekuja na mfuko wa machungwa. Nikaanza kusoma. Sehemu ya mbao ilikwenda vizuri mno. Mzee alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na mahali pamoja akasema “hasa.” Mwajuma akanitazama kwa furaha. Nikafika ukurasa wa ndoa, nikakohoa, nikasoma kwa mbwembwe:

“Mzee Mwinshehe alitengeneza kitanda cha mteja ambaye hakurudi kukichukua. Kwa kuwa kitanda kilijaza chumba, aliona si vizuri kikae bure, akaamua kutafuta mke wa kukilalia. Bibi harusi, Mwanaidi, alikuwa mtu mzito asiyecheka, na ugali wake wa kwanza kuku waliukimbia.”

Nilikuwa nimeipenda sana hiyo ya kuku. Nikainua macho nione watu wanavyocheka.

Hakuna aliyecheka. Majirani walitazama mkeka. Mwajuma alikuwa ameinamisha kichwa anakunja pindo la kanga yake, anakunja na kukunjua, na nikaelewa anachokifanya. Alikuwa anajaribu kuyapokea. Amesubiri miaka yote apate kitu kimoja cha mama yake, na nilichomletea ni mwanamke mzito asiyecheka. Nimeshamtukana marehemu nyumbani kwake, mbele ya mume wake na mwanawe, na tusi lenyewe nimelichapa kabisa.

Nikamtazama Mzee Chidi anisaidie. Alikuwa anamenya chungwa kwa utulivu mkubwa, ila mabega yanamtikisika.

“Nani kasema hayo?” Mzee Mwinshehe akauliza.

“Mzee Chidi, baba,” nikajibu.

“Huyu Mnyamwezi?”

“Mnyamwezi?” nikasema mie.

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Mjini hapa hatuulizani kabila, mnajua wenyewe, ni kukosa adabu. Unaishi na mtu miaka thelathini, siku ya msiba wake ndipo unashangaa anasafirishwa kwenda Tabora. Mzee Chidi kazaliwa Temeke, anaongea Kitemeke, sikuwaza hata kidogo. Na Mzee Mwinshehe ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya wapagazi. Mtani kukuzushia ni haki yake. Anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Ukinyamaza umeshindwa vilevile. Dawa ya mtani ni kumjibu, basi. Nami, Mpare mzima mwenye watani wangu Wachaga wanaonizulia kila siku, nilichukua maneno ya mtani nikayaandika kama ushahidi.

Mzee Mwinshehe akainuka. Nikajua anakwenda kuangalia maji. Hakwenda. Akasimama katikati ya ua akamnyooshea Mzee Chidi kidole.

“Wee Chidi! Babu yako kafika Pwani na mzigo wa watu kichwani, mpaka leo hamjautua, leo ndo wa kunisemea mie mke wangu?”

“Nimesema niliyoyaona,” Mzee Chidi akajibu, anatema mbegu za chungwa. “Mzaramo gani wewe, ngoma ya kwako mwenyewe huchezi? Husemi, tunakusemea.”

“Umeona nini wewe! Kitanda kilikuwa na mwenyewe! Kilikuwa cha dada yake!”

“Dada yake nani?” Mzee Chidi akauliza, kama vile hajui.

“Dada yake Mwanaidi!”

Nadhani hata yeye alishtuka kulisikia lile jina kinywani mwake. Akabaki amesimama, mkono hewani. Mzee Chidi akamkatia kipande cha chungwa, akamnyooshea, akasema kwa sauti ndogo, “Haya, sema wewe basi, uniumbue.” Naye akasema. Nitawaandikia kama nilivyoyasikia.

“Baba yao alikuwa anakaa kule Mtoni. Dada mtu anaolewa, baba akaniagiza kitanda cha besera, chenye nguzo nne, kiwekwe pale pale nyumbani kwake, maana fungate ilikuwa inakaliwa kwao bibi harusi. Nikakitengeneza, nikakipeleka, nikakifunga. Kimesimama imara. Kesho yake naletewa salamu, kitanda kinayumba. Nikaenda, nakuta kweli, mguu mmoja unacheza. Nikajiuliza nimekosea wapi, mie sijawahi kukosea kitanda. Nikakata kidogo miguu mitatu, kikatulia. Siku mbili, salamu tena, kinayumba. Nikaenda, nikakata tena.”

“Kikawa kifupi,” akasema Mzee Chidi.

“Kikawa kifupi! Baba mtu ananiangalia vibaya. Mara ya tatu nikasema hapana, hapa kuna jambo. Nikaingia uvunguni. Sakafu ilikuwa ya udongo. Nakuta chini ya ule mguu pamechimbwa, shimo, tena udongo mbichi, na kijiko kimesahauliwa humo humo. Nikatoka na kijiko mkononi. Nainua uso, huyu hapa Mwanaidi kasimama mlangoni, kajishika ubavu anacheka mpaka amekaa chini. Nikamuuliza, wewe binti, kwa nini? Akasema, fundi, ningekupataje urudi?”

Majirani walipiga kelele. Mjukuu alirusha mikono juu. Nami nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sijali. Lakini niliyemtazama ni Mwajuma. Kicheko kilimpanda kutoka chini kabisa, yule mwalimu anayesimama wima alilala ubavu juu ya mkeka, mkono mmoja ameshika mbavu, anatweta, anajaribu kusema neno na neno halitoki.

Baba yake alimwangalia muda mrefu.

“Hivyo hivyo,” akasema. “Hivyo hivyo alivyokuwa.”

Mwajuma akajiinua, uso umelowa. “Nini, baba?”

“Ulipokuwaga mdogo ukicheka nilikuwa natoka nje. Unakumbuka?”

“Nakumbuka. Nilidhani nakuudhi. Nikaacha kucheka mbele yako.”

“Hukuniudhi, mwanangu. Nilikuwa nikikusikia naona kaingia yeye. Siwezi kukaa. Nisamehe. Nilikunyima mama yako, na alikuwemo humo humo nyumbani.”

Mwajuma alimwendea akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye magoti yake. Mzee hakuinuka. Alikaa pale, mkono kichwani pa mwanawe, akaendelea kusema mpaka adhana ya magharibi. Alisema Mwanaidi alivyoimba vibaya na hakujali, alivyomwita yeye “fundi” hata baada ya ndoa, alivyogombana na bata wa jirani. Kuhusu ugali, alisema ulikuwa mgumu kweli, ila kuku waliupenda. Mzee Chidi wakati wote huo alikuwa anagawa machungwa. Nilipokuwa naaga nilimvuta pembeni nikamwambia amenidhalilisha.

“Nisamehe, mama. Nimemsihi miaka na miaka aseme, hasemi. Mzaramo ukimsifia, analala.”

Sasa niwaulize, nyie wenye simu za kurekodi siku nzima. Yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa, kwa sababu nilikwenda kusoma, sikwenda kusikiliza. Sikuwa nimeshika hata kalamu. Wiki iliyofuata nilirudi Keko na daftari jipya na simu hiyo imewashwa, nikamwomba Mzee asimulie mara ya pili, kama ilivyo desturi yangu. Alinikaribisha, akaagiza kahawa, akaniambia kwa upole kwamba ameshasema, na kwamba Mwajuma amesikia.

Nilikasirika njia nzima. Nikafika dukani, nikakaa mbele ya kompyuta nijaribu kuandika kwa kichwa changu, na niliandika kweli, kurasa tatu, zina kila kitu, kitanda, shimo, kijiko. Nikazisoma. Zilikuwa kurasa zangu. Nilizifuta, nikampigia Mwajuma simu nikamwambia sura hiyo ataiandika yeye. Akakataa. Akasema yeye si mwandishi, ataiharibu, watu wamezoea maandishi yangu. Nikamfokea kidogo, namna ninavyowafokea nyie. Nikamwambia aandike kama anavyomjibu binti yake anapouliza bibi alikuwaje.

Baada ya siku tatu alileta daftari la shule, kurasa mbili za mwandiko wa mwalimu, akaliweka mezani akatoka haraka kabla sijalifungua. Niliichapa sura ile kama ilivyo na sikugusa hata nukta. Mzee Abasi alipokishona kitabu, alisoma hapo, akavua miwani, akasema hiki hakijalala. Huwa mnaniuliza kumbukumbu za mtu zinaanzaje, mnataka kanuni. Kanuni sina. Sura ya Mwajuma inaanza hivi:

“Mama yangu aliitwa Mwanaidi. Alimpata baba yangu kwa kuchimba sakafu kwa kijiko, na alikuwa anacheka kama mimi.”